Altaneta ya gari katika mtambo mdogo wa upepo: inavyofanya kazi, inapokwama na marekebisho yanayohitajika

Altaneta ni kifaa kinachozalisha umeme ndani ya gari wakati injini inapozunguka. Ndiyo inayochaji betri, kuwasha taa na kuendesha vifaa vingine vya umeme. Kwa kuwa magari mengi huharibika bodi au injini kabla altaneta zake hazijachakaa, kifaa hicho hupatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika na katika maeneo yanakouzwa vyuma chakavu. Hiyo ndiyo sababu wanafunzi wa vyuo vya ufundi, mafundi umeme wa magari na wabunifu katika vitongoji ambavyo bado havijafikiwa na nyaya za umeme huvutiwa na wazo la kuifunga mapanga, kuipandisha juu ya nguzo na kuuacha upepo ufanye kazi ya injini.

Wazo hilo lina mantiki na linatekelezeka. Hata hivyo, mwananchi anayetaka kulitekeleza hana budi kufahamu mapema kwamba altaneta ikifungwa kama ilivyotoka kwenye gari, mara nyingi mapanga yatazunguka vizuri mbele ya watazamaji huku betri ikiendelea kupungua chaji. Kasoro hiyo haitokani na uzembe wa fundi. Inatokana na jinsi altaneta yenyewe ilivyoundwa.

Altaneta ilivyoundwa

Ndani ya altaneta kuna sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni rota, yaani sehemu inayozunguka, ambayo ina koili ya waya wa shaba iliyozingirwa na vyuma vyenye umbo la kucha. Ya pili ni steta, duara la chuma lisilozunguka ambalo limebeba koili za waya mnene zaidi. Rota ya altaneta ya kawaida si sumaku ya kudumu. Ili iwe sumaku ni lazima kwanza ipelekewe mkondo kutoka kwenye betri kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyoitwa brashi. Rota hiyo ikizunguka, steta huzalisha mkondo geu wa fezi tatu, na dayodi sita huugeuza kuwa mkondo mnyoofu unaokubalika kwenye betri. Kidhibiti volti, ambacho mafundi wengi hukiita rejuleta, huongeza au kupunguza mkondo wa rota ili volti inayotoka ibaki takriban 14 wakati wote.

Kwa gari, mpangilio huo ni mzuri sana. Injini ina nguvu ya ziada, hivyo wati chache zinazotumika kuifanya rota iwe sumaku hazimsumbui dereva. Injini pia ina kasi. Hata gari likiwa limesimama huku injini ikiunguruma, hufikia mizunguko 700 hadi 900 kwa dakika, na kwa kuwa puli ya altaneta ni ndogo kuliko ile ya injini, altaneta hupata mizunguko inayokaribia 2,000. Altaneta nyingi huanza kutoa chaji zinapofikia mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika na hufikia uwezo wake kamili karibu na mizunguko 6,000.

Upepo hauna kasi ya namna hiyo. Chukua mtambo wenye mapanga matatu na kipenyo cha mita 2, ukubwa ambao karakana ya kawaida inaweza kuutengeneza kwa mbao. Upepo ukivuma mita 5 kwa sekunde, ambao hutosha kutikisa majani na vitawi bila kukoma, na mapanga yakiwa yamechongwa vizuri kiasi kwamba ncha zake zinakwenda mara sita ya kasi ya upepo, mtambo huo utazunguka takriban mara 290 kwa dakika. Hiyo ni robo tu ya kasi ambayo altaneta inahitaji ili ianze kuchaji.

Hesabu ya wati

Nguvu iliyomo katika upepo hutegemea mambo matatu: eneo linalofagiwa na mapanga, uzito wa hewa na kasi ya upepo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Jambo hili la tatu ndilo lenye uzito kuliko mengine. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Ukipungua kwa nusu, hubaki sehemu moja tu ya nane.

Kwa mtambo uliotajwa hapo juu, upepo wa mita 5 kwa sekunde katika ukanda wa pwani hubeba takriban wati 230. Katika nyanda za juu, kama Singida iliyo karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kiasi hicho hupungua kwa takriban asilimia 15. Hakuna mtambo unaoweza kuuchukua upepo wote. Mwaka 1919 mwanafizikia wa Ujerumani, Albert Betz, alithibitisha kwamba hata mapanga kamilifu hayawezi kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaopita. Mapanga yaliyochongwa kwa mkono, yakiwa mazuri, huchukua karibu asilimia 30. Zinabaki wati 70.

Iwapo mkanda na puli vitatumika kuongeza kasi, sehemu moja ya kumi ya wati hizo hupotea njiani na kubaki takriban 63. Sasa altaneta yenyewe inadai haki yake. Rota ikivuta ampea 3 kwa volti 12, inakula wati 36 kwa ajili ya kuwa sumaku tu. Wati 27 zinazosalia ndizo zinazopaswa kugharimia msuguano wa beringi na brashi, joto la waya, upotevu ndani ya chuma na ule wa dayodi. Kinachofika kwenye betri ni kidogo mno, na upepo ukipungua hadi mita 4 kwa sekunde hakifiki kitu. Upepo ukikoma kabisa hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu rota ambayo haikuwekewa swichi ya kuikata huendelea kufyonza betri usiku kucha.

Katika upepo wa mita 10 kwa sekunde mambo hubadilika. Mapanga yaleyale hupata zaidi ya wati 500, na altaneta ileile inaweza kupeleka kwenye betri takriban wati 250. Kwa sababu hiyo fundi anayefanya majaribio siku ya upepo mkali hurudi nyumbani akiwa ameridhika, kisha wiki inayofuata hashuhudii tena matokeo hayo. Upepo wa namna hiyo hauvumi kila siku katika maeneo mengi, na mtambo wa nyumbani hutegemea zaidi upepo wa kawaida wa kila siku kuliko ule wa siku chache za dhoruba.

Marekebisho matatu

Rekebisho la kwanza, nalo ndilo jepesi, ni kuongeza kasi kwa puli. Puli kubwa yenye kipenyo cha sentimita 30 ikivuta puli ya altaneta ya sentimita 6, altaneta huzunguka mara tano kwa kila mzunguko mmoja wa mapanga, na mizunguko 290 huwa 1,450. Chaji huanza. Udhaifu wa njia hii ni kwamba ugumu wa kuizungusha altaneta huongezeka mara tano vilevile kwa upande wa mapanga, hivyo mtambo husubiri upepo mkali zaidi ili uanze kuzunguka. Zaidi ya hayo, mkanda ulio juu ya nguzo, kwenye jua na mvua, hulegea na kuteleza, na kuukaza kunahitaji mtu apande au nguzo ishushwe. Tatizo la rota kula betri linabaki palepale.

Rekebisho la pili ni kuzungushia steta waya upya. Waya mnene wa asili huondolewa na mahali pake huwekwa waya mwembamba wenye mizunguko mingi zaidi. Mizunguko ikizidishwa mara mbili, volti 14 hupatikana kwa nusu ya kasi ya awali. Ikizidishwa mara tatu, hupatikana kwa theluthi, yaani chini kidogo ya mizunguko 400 kwa dakika. Gharama yake ni kupungua kwa mkondo kwa uwiano huohuo. Altaneta ya ampea 60 huwa ya ampea 20. Kwa mtambo wa upepo hiyo si hasara kubwa, kwani ampea 20 kwa volti 14 ni wati 280, kiasi ambacho mapanga ya mita 2 hukifikia kwa nadra. Kazi hii si ngeni kwa mafundi wa Tanzania. Wale wanaozungushia waya mota za pampu na mashine za kusaga wana ujuzi na vifaa vyote vinavyohitajika.

Rekebisho la tatu ndilo linaloleta mabadiliko makubwa: kuondoa koili ya rota na kuweka sumaku za kudumu. Rota huchongwa kwenye mashine ya kukereza, kisha sumaku za neodimiamu hupangwa kwa zamu, kaskazini na kusini, kwa idadi inayolingana na ncha za sumaku za awali, ambazo katika altaneta nyingi ni 12. Brashi huondolewa pamoja na rejuleta. Wati 36 zilizokuwa zikipotea hubaki kwa mtumiaji, na upepo ukikoma hakuna kinachofyonzwa, kwa kuwa dayodi huzuia mkondo wa betri usirudi nyuma.

Njia hiyo ina masharti yake. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu joto likizidi nyuzi 80, hivyo altaneta isizidishiwe mzigo. Gundi pekee haitoshi kuzishikilia. Zinapaswa kufungwa kwa ukanda wa nyuzi na resini ili zisirushwe na kasi ya mzunguko. Meno ya steta pia huzivuta sumaku kiasi kwamba rota hukwama kidogo katika kila hatua na kukataa kuanza kwenye upepo mwepesi. Mafundi hupunguza tatizo hilo kwa kuzipanga sumaku kwa mshazari badala ya kuzinyoosha. Aidha, sumaku hizo zina nguvu ya kuponda vidole na hazifai kuwa karibu na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Anayechanganya rekebisho la pili na la tatu hupata mashine inayofaa kweli kwa upepo, isiyohitaji mkanda. Lakini kufikia hapo, kilichobaki cha altaneta ya asili ni ganda, beringi, ekseli na chuma cha steta. Ni vyema gharama ihesabiwe kwa kuzingatia sumaku, waya mpya, kazi ya kukereza, nguzo, kebo na betri, kwa sababu bei ndogo ya altaneta chakavu ni sehemu ndogo sana ya jumla hiyo.

Uzoefu wa kwingine

Kabla ya altaneta, magari yalitumia dainamo za mkondo mnyoofu, na wakulima wa Marekani wa miaka ya 1920 na 1930 walizifunga mapanga ili kuchaji betri za redio. Kampuni ya Wincharger ya Sioux City, jimbo la Iowa, iliuza mitambo midogo ya kiwandani kwa ajili hiyohiyo. Biashara hiyo ilififia baada ya Sheria ya Umeme Vijijini ya mwaka 1936 kupeleka nyaya mashambani.

Mfano ulio karibu zaidi na Tanzania ni wa William Kamkwamba wa wilaya ya Kasungu nchini Malawi, aliyeacha shule kwa kukosa ada kufuatia njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Akiongozwa na vitabu vya maktaba ya shule ya msingi, alijenga mtambo kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli na mapanga ya bomba la plastiki, akawasha taa za nyumbani kwao. Jambo ambalo halizungumzwi sana ni kwamba jenereta yake ya kwanza ilikuwa dainamo ya baiskeli. Dainamo hiyo ni ndogo, lakini ina sumaku ya kudumu ndani yake, hivyo haikuhitaji betri ili ianze kuzalisha. Chaguo hilo lilimwepusha na kikwazo kikubwa cha altaneta ya gari.

Huko Scotland, Hugh Piggott, mkazi wa rasi ya Scoraig isiyounganishwa na gridi, amefundisha kwa miongo kadhaa namna ya kujenga jenereta ya upepo bila altaneta kabisa. Katika muundo wake, kitovu cha gurudumu la gari hubeba sahani mbili za chuma zenye sumaku, na kati yake huwekwa koili zilizosukwa kwa mkono na kumwagiwa resini. Kwa kuwa hakuna meno ya chuma, mtambo haukwami na huanza kuzunguka katika upepo hafifu. Mafundi wenye karakana wanaoanza upya wangefanya vyema kuufikiria muundo huo kabla ya kukata rota ya altaneta.

Upepo upimwe kwanza

Ukanda wa kati, hususan Singida, pamoja na Makambako mkoani Njombe, umetambuliwa kuwa na upepo wa kutosha kwa miradi mikubwa. Mufindi mkoani Iringa tayari kuna mitambo mitatu ya Mwenga yenye uwezo wa jumla wa megawati 2.4. Hata hivyo, mkoa kuwa na upepo hakumaanishi kwamba kila kiwanja kina upepo. Mitambo hiyo mikubwa hufikia upepo wa juu sana ambako hakuna miti wala mapaa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupima upepo katika vituo vyake kwa urefu wa mita 10, na takwimu za kituo kilicho karibu ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwenye eneo lenyewe, kipima upepo kiwekwe kwenye mlingoti kwa miezi kadhaa, na ikiwezekana mwaka mzima, ili misimu yote ionekane. Wakazi wa pwani wanajua vyema kwamba upepo wa kusi na wa kaskazi haulingani, na kwamba kati yake kuna maleleji ambapo matanga hulegea. Mapanga yawe angalau mita 9 juu ya mti au paa lolote lililo ndani ya mita 150. Mtambo uliofungwa juu ya paa la nyumba hupata upepo uliovurugika, hutikisa kuta na huzalisha kidogo.

Makadirio yafuatayo yanafaa kuwekwa mezani kabla ya kununua chochote. Altaneta iliyobadilishwa vizuri, kwenye mapanga ya mita 2, inaweza kutoa takriban wati 45 katika upepo wa mita 5 kwa sekunde. Upepo huo ukivuma saa nane kwa siku, mavuno ni karibu wati-saa 360. Paneli moja ya jua ya wati 100 katika mikoa ya kati hutoa kiasi kinachokaribiana na hicho, bila nguzo na bila sehemu inayozunguka. Mahali penye jua la kutosha na upepo wa wastani, paneli ndiyo chaguo la busara. Mtambo wa upepo hupata nafasi yake pale upepo unapovuma hasa usiku au katika msimu wa mawingu, ukisaidiana na paneli katika kuchaji betri moja.

Usalama na taratibu

Mtambo wa upepo hautakiwi kuachwa uzunguke bila mzigo. Betri ikitenganishwa na altaneta inayozunguka, volti hupanda ghafla na kuunguza dayodi, na mapanga yaliyokosa mzigo huongeza kasi hadi kuvunjika. Altaneta yenye sumaku za kudumu haina rejuleta, hivyo inahitaji kidhibiti chaji kinachohamishia umeme wa ziada kwenye hita betri inapojaa. Mkia wa mtambo uwe na bawaba inayouwezesha kujikunja na kuyageuza mapanga pembeni upepo unapokuwa mkali. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri.

Kebo nayo huwasumbua wengi. Kwa volti 12, mkondo wa ampea 20 unaopita kwenye waya wa shaba wa milimita 6 za mraba kwa umbali wa mita 30 hupoteza zaidi ya volti 3 kabla ya kufika kwenye betri. Mfumo wa volti 24 hupunguza mkondo kwa nusu, na upotevu huo hushuka hadi takriban volti 1.7.

Betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kwa ajili ya kutumika hadi kuisha kila siku. Betri iliyoundwa kwa matumizi ya kina, isiyoshushwa chini ya nusu ya chaji yake, hudumu zaidi. Iwekwe mahali penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa hutoa gesi ya haidrojeni inapochaji. Betri iliyochakaa ni taka hatarishi na ipelekwe kwa wakusanyaji wenye kibali.

Wayaringi wa nyumba unapaswa kufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Mtambo binafsi usiunganishwe na nyaya za TANESCO bila idhini, kwani umeme unaorudi kwenye laini iliyozimwa unaweza kumuua fundi anayeikarabati. Anayekusudia kuwauzia majirani umeme awasiliane na EWURA kabla ya kuanza. Kwa kazi za kukereza na ushauri wa kiufundi, wananchi wanaweza kufika katika ofisi za mikoa za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), au kuonana na walimu wa umeme wa magari katika vyuo vya VETA, wakiwa na altaneta yao, vipimo vya upepo vya eneo lao na orodha ya vifaa wanavyotaka kuviendesha.